Je, wajua? Kinachosafisha jino la mbwa si ugumu wa anachotafuna

Mbwa mzima ana meno 42, na adui wao mkubwa hung'ang'ania jino saa chache tu baada ya kusafishwa. Bakteria hujikusanya juu yake katika utando laini unaonata, yaani ukoga. Usiposuguliwa, ndani ya siku mbili au tatu madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha, nao hugeuka ugaga: lile gamba la njano au kahawia ambalo mswaki hauliwezi tena.

Mate ya mbwa yana alikali zaidi kuliko ya binadamu. Faida yake ni kwamba ni nadra meno ya mbwa kutoboka kwa kuoza kama yetu. Hasara yake ni kwamba madini huganda upesi mno. Tena mfereji mkubwa wa mate hufungukia ndani ya shavu, mkabala na gego kubwa la juu, lile lenye makali kama ya kisu linalokata nyama. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya kinywa cha mbwa wako usianze na meno ya mbele. Inua mdomo wa juu pembeni, uvute nyuma, utazame gego hilo. Hapo ndipo gamba huanzia.

Ugaga wenyewe, pamoja na ubaya wake wa sura, ni nusu tu ya tatizo. Uso wake unakwaruza, ukoga mpya unapata pa kushika, na bakteria wanateremka chini ya ufizi. Ufizi hujibu kwa kuvimba na kuwa mwekundu. Katika hatua hii, ukisafisha vizuri, unapona kabisa. Ukiachwa, nyuzi zinazolishikilia jino na mfupa wa taya huanza kuliwa, na mfupa uliokwisha haurudi. Ndiyo sababu kumkwangulia mbwa ugaga nyumbani kwa chuma ni kazi bure: jino linang'aa, ugonjwa unabaki chini ya ufizi, na mikwaruzo uliyoiacha inakaribisha ukoga zaidi.

Sasa kutafuna kunaingia wapi? Kitu cha kutafuna husafisha pale tu jino linapozama ndani yake. Likizama, nyuzi na kingo zake hupangusa pande za jino kuanzia ncha hadi karibu na ufizi, na mate hutiririka yakisuuza. Punje za kawaida za chakula kikavu hazifanyi hivyo. Zinapasuka mara tu ncha inapozigusa, kabla ubavu wa jino haujaguswa. Kitu kigumu kama jiwe nacho hakifanyi hivyo, maana jino haliingii. Kinachoguswa ni ncha peke yake, na ncha ndiyo inayovunjika.

Enameli ya mbwa, yaani tabaka gumu la nje la jino, ni nyembamba, kwa sehemu kubwa haifiki milimita 1. Mbwa anapong'ata pembe ya kulungu, kwato kavu au mfupa mnene wa mguu wa ng'ombe kwa nguvu zake zote, mara nyingi gego lile kubwa la juu humeguka kipande upande wa nje, kama kigae. Mpasuko ukifika kwenye kiini chenye mishipa na neva, jino linahitaji kung'olewa au kutibiwa mzizi. Mbwa hatalia. Ataendelea kula, akitafunia upande mwingine, na mwenye mbwa atakuja kugundua miezi baadaye.

Wapo wanaojibu kwamba wanyama wa mwituni wanatafuna mifupa na hawana daktari wa meno. Kweli hawana. Mafuvu ya mbwa mwitu wa Afrika yaliyoelezwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 yalikuwa na meno yaliyosagika, meno yaliyovunjika na dalili za ugonjwa wa fizi. Maisha ya asili hayakuwapa vinywa vizima. Yaliwapa vinywa vya kuwatosha.

Kipimo cha haraka ni kucha ya dole gumba. Ibonyeze kwenye kitu unachotaka kumpa: ikiacha alama au kikikubali kupinda, kinafaa. Isipoacha alama, usimpe. Kipimo cha pili ni kujiuliza kama ungekubali kugongwa nacho gotini. Vitu vilivyokaushwa, kama kano, huweza kuonekana vigumu vikiwa vikavu ilhali vinalainika vikipata mate. Viloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu kisha pima. Na kwa kipimo hichohicho, barafu na mawe ya uani hayafai.

Miongoni mwa vitu vya asili, vyenye nyuzi ndivyo bora. Kano za ng'ombe zilizokaushwa na uume wa fahali uliokaushwa huchanika nyuzinyuzi na kupita kati ya meno, ila vina kalori nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kijiti cha uume wa fahali chenye urefu wa sentimita 15 hubeba takriban kilokalori 90. Mbwa wa kilo 10 anahitaji kama kilokalori 600 kwa siku, na vya kutafuna visizidi asilimia 10 ya hizo, yaani 60. Kijiti kizima kimempita. Mpe nusu, na upunguze chakula chake kidogo siku hiyo.

Bomba la hewa la ng'ombe ni gegedu, linapondeka vizuri na halina mafuta mengi likisafishwa. Tatizo lake ni jirani yake: tezi ya thairoidi imekaa palepale shingoni. Mbwa wanaolishwa mara kwa mara nyama ya koo yenye tezi hiyo wameonekana kupata homoni zake kupita kiasi: wanakonda, wanakunywa maji sana, hawatulii. Nunua lililosafishwa, au likague na kuondoa kila nyama ya kando kabla ya kulikausha. Mapafu na maini mabichi usimpe kabisa, hasa ya kondoo na mbuzi, kwani huweza kuwa na malengelenge ya tegu anayekua ndani ya mbwa na mayai yake yakarudi kwa watu.

Ngozi ghafi ya ng'ombe iliyosokotwa inasugua vizuri, lakini kipande kikubwa kikimezwa huvimba tumboni na huweza kuziba utumbo. Kwa mbwa mwenye pupa ya kumeza, iondoe kwenye orodha. Ngozi ya samaki iliyokaushwa na kusokotwa ni nyepesi kwa mbwa wadogo, ingawa inaisha upesi. Karoti nzima mbichi kwa kawaida haina madhara, na inamshughulisha, lakini humeguka kama biskuti. Ihesabu kama kitafunwa, si mswaki.

Mifupa mibichi inahitaji maelezo marefu zaidi, maana kila upande una hoja. Mfupa laini wenye nyama na gegedu hupunguza ugaga kweli. Hilo limeonekana kwa mbwa wa aina ya Beagle waliopewa mifupa ya ng'ombe. Lakini pamoja na ugaga kuondoka, hatari ni nyingi. Kuna jino kuvunjika. Kuna bakteria kama salmonela, ambao kugandisha kwenye friza hakuwaui, nao huenea sakafuni na mikononi mwa watoto. Kuna uboho, ambao mafuta yake yanaweza kuchochea kongosho kuvimba. Kuna kinyesi kigumu cheupe kinachoshindwa kutoka. Na mfupa uliokatwa duara una mtego wa pekee: hupita juu ya chonge za chini ukakwama kwenye taya, na kuutoa mara nyingi huhitaji dawa ya usingizi. Ukiamua kumpa, chagua mfupa mkubwa kuliko mdomo wake, wenye gegedu nyingi, mwangalie muda wote, uutupe baada ya dakika 15 au 20. Mfupa uliopikwa usimpe hata kidogo. Joto huufanya mkavu, unapasuka kwa ncha kali, na ncha hizo hutoboa utumbo.

Ukipenda kutengeneza mwenyewe, kano ndizo rahisi. Ondoa mafuta yote, kwa kuwa ndiyo huchacha. Chemsha kama dakika 10 hadi joto la ndani lifike nyuzi 71 za Selsiasi. Hatua hii isirukwe, sababu ukikausha nyama mbichi kwa joto dogo bakteria huzoea ukavu na baadhi hubaki hai. Kisha zipange kwenye waya wa oveni kwa nyuzi 70 hadi 75, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke, kwa saa 8 hadi 12 kulingana na unene. Zimeiva zikipinda bila kutoa unyevu. Zikianza kulia kama kuni zikigongwa, umepitiliza. Ziloweke kabla ya kumpa. Weka kwenye chombo kilichofungwa ndani ya friji, na chochote chenye harufu ya mafuta yaliyochacha kitupe.

Namna ya kumpa ina uzito kama kitu chenyewe. Kwa kuwa ukoga huanza kuganda siku ya pili, kijiti kikubwa cha kila Jumamosi hakisaidii kitu; kidogo cha kila siku, dakika 10 hadi 20, kinafanya kazi. Kiwe kirefu kuliko pua na mdomo wake. Mbwa wengi wana upande wanaoupenda, hivyo shika ncha moja kwa mkono umwelekeze kwenye gego la upande wa pili. Kikibaki kifupi kiasi cha kuingia mdomoni chote, mbadilishie na kitu kingine atakachokipenda. Kumpora kwa nguvu kunamfundisha kumeza haraka mara nyingine, na hapo ndipo mbwa hukabwa.

Usimpe vitu vigumu mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita au saba. Meno yake 28 ya utotoni ni membamba, na likivunjika moja, maambukizi yanaweza kulifikia jino la kudumu linalosubiri chini yake. Mbwa mwenye meno yanayocheza au ugaga mnene naye aanze kwa daktari wa mifugo, asafishwe chini ya nusukaputi, ndipo aanze kutafuna. Mbwa wadogo na wenye uso bapa hawana budi kuangaliwa mapema, kwa sababu meno yamebanana na nyuzi hazipiti.

Hata kitu bora cha kutafuna kinapangusa magego zaidi, kikiziacha chonge na meno ya mbele karibu vilevile. Mswaki ndio unaofika huko. Tumia mswaki laini, uulaze nyuzi 45 kuelekea ufizi, na sugua upande wa nje wa meno ya juu kwanza. Hata sekunde 30 kila upande zinatosha mbwa akizoea. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, kwani mbwa huimeza, na baadhi ina zailitoli, utamu ambao ni sumu kwa mbwa. Chumvi na magadi pia havifai. Vyote vina sodiamu nyingi.

Kila baada ya kutafuna, tazama kijiti chenyewe. Alama ya damu iliyorudi siku mbili au tatu mfululizo inaonyesha ufizi uliovimba. Harufu kali, chakula kinachodondoka, kutafunia upande mmoja tu, au kupiga chafya zenye majimaji kwenye tundu moja la pua, vyote ni vya kumwonyesha daktari wiki hiyohiyo. Uvimbe unaotokea ghafla chini ya jicho mara nyingi si ugonjwa wa jicho: ni jipu la mzizi wa gego kubwa la juu, na matone ya macho hayataligusa.