“Akiwekewa oksijeni ameenda”: tunayoyasikia nasari na yaliyo kweli

“Sista, wamemwekea oksijeni. Si sasa ni kungoja tu?”

Swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini mlangoni pa nasari, wodi ya watoto wachanga, mara nyingi na shosho aliyefika kutoka Kayole au Githurai na chupa ya uji mkononi. Nimehudumia watoto wachanga hapa Nairobi miaka mingi, na katika yote yanayosemwa kuhusu mtoto anayeshindwa kupumua, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Niliwahi kuona familia ikiondoka na mtoto ili “asiteswe na mipira”. Mtoto huyo alikuwa ametimiza miezi tisa tumboni, amezaliwa kwa upasuaji, na mapafu yake yalikuwa bado na maji ambayo kila mtoto huwa nayo akiwa tumboni. Ugonjwa huo kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili tatu, mradi mtoto asaidiwe kupumua mpaka maji yanyonywe na mwili.

Dhana yenyewe naijua ilikotoka. Anayewekewa oksijeni ni aliyezidiwa, na baadhi ya waliozidiwa hufa. Miaka ya korona iliongeza hofu hiyo maradufu. Jirani anakumbuka mpira puani, kisha anakumbuka matanga. Waliotolewa mpira wakaenda nyumbani hakuna anayewasimulia. Mtoto mchanga aliyepungukiwa na oksijeni huumia ubongo na moyo kwa dakika chache tu. Familia ikikaa kikao hadi jioni ikubaliane, mara nyingi ni ule muda wa kikao unaomdhuru, halafu lawama inabebeshwa oksijeni iliyokuja kwa kuchelewa.

Upande wa pili kuna wanaotaka oksijeni ifunguliwe yote. Hao pia wana sababu ya kusikilizwa, maana wanampenda mtoto wao. Lakini katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani na Ulaya, maelfu ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipofuka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba oksijeni nyingi mno ilikuwa imeharibu mishipa michanga ya damu iliyo nyuma ya jicho. Ndiyo maana kipimo kile cha oksijeni ya damu, chenye taa nyekundu, hufungwa kwenye mguu wa mtoto: kwa aliyezaliwa kabla ya wakati na anayepewa oksijeni, tunataka kisome kati ya asilimia 90 na 95. Kikisoma 99 tunapunguza. Mzazi akiona mkono wangu unarudisha kifungo nyuma, asidhani nambania mtoto wake. Nalinda macho yake.

Na yule aliyezaliwa akiwa kimya, halii? Wengi bado wanaamini ashikwe miguu kichwa chini na kupigwa makofi, au amwagiwe maji baridi. Yote mawili yanapoteza dakika ya kwanza, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Hukaushwa, husuguliwa mgongo, na asipoanza kupumua husukumiwa hewa kwa barakoa na mfuko wa mkono. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, tunaanza na hewa ya kawaida ya chumbani, ile yenye oksijeni asilimia 21. Kinachohitajika kwanza ni mapafu kufunguka.

Sasa niseme kuhusu mama. Mtoto akizaliwa wiki ya 30 na kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi, utasikia minong’ono: alibeba mitungi ya maji, alikula udongo, aligombana na mama mkwe, kuna mkono wa mtu. Nimewaona wanawake wameketi kando ya inkubeta wameinamisha vichwa kama washtakiwa. Ukweli uko ndani ya mapafu yenyewe. Vifuko vya hewa ni vidogo mno, na ndani yake vina unyevu. Unyevu huo huvivuta vishikamane, kama mfuko wa plastiki uliolowa maji. Mwili hutengeneza utando wa mafuta unaoitwa surfaktanti, ambao huzuia vifuko visigandamane mtu anapotoa pumzi. Kwa kawaida huwa haujatosha mpaka karibu wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa kabla ya hapo hulazimika kuyafungua mapafu upya kila pumzi, mpaka achoke. Watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walilionyesha jambo hili mwaka wa 1959, na katika maelezo yao hamna mama mkwe wala mtungi wa maji.

Tena fedha haikumwokoa mtu wakati ule. Agosti 1963, rais wa Marekani, John F. Kennedy, alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na ushee kabla ya wakati, na uzito wa kilo mbili na kidogo. Alifariki baada ya saa 39 kwa ugonjwa huu huu. Baba yake angeweza kumwita daktari yeyote duniani. Tiba haikuwepo. Mwaka wa 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliripoti kuwatibu watoto kumi kwa surfaktanti iliyotokana na mapafu ya ng’ombe, na leo dawa ya aina hiyo hutiwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa ya mtoto. Nyingine hutolewa kwenye mapafu ya nguruwe. Baba mmoja wa Eastleigh aliwahi kuniuliza, akiona haya kidogo, kama ni halali. Lilikuwa swali zuri. Mzazi ana haki ya kuambiwa dawa imetoka kwa mnyama gani, na kanuni ya dharura, ile ya dini inayoruhusu kilichokatazwa panapo lazima, anaijua vizuri kuliko mimi.

Patrick ananirejesha kwenye dhana nyingine: kwamba mtoto wa miezi saba hupona ila wa miezi minane hufa. Hilo si kweli hata kidogo. Kila wiki inayoongezeka tumboni huyakomaza mapafu zaidi, na wa miezi minane ana nafasi bora kuliko wa saba. Hatari ya imani hii ni kwamba huwafanya watu wakate tamaa mapema juu ya mtoto anayetibika.

Kuna sindano ambayo akina mama huiogopa bure. Mjamzito akikaribia kujifungua kati ya wiki ya 24 na 34, daktari anaweza kumpa deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yaharakishe kukomaa. Chanzo chake ni New Zealand, ambako daktari Liggins aliona wana-kondoo waliozaliwa mapema mno wakipumua kuliko alivyotarajia. Yeye na mwenzake Howie wakachapisha majaribio kwa wanawake mwaka wa 1972. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka wa 2020, ambao Kenya ilishiriki pamoja na Bangladesh, India, Nigeria na Pakistan, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua. Lakini sindano hii inahitaji saa kadhaa za kufanya kazi, na hospitali yenye uwezo wa kumhudumia mtoto baadaye. Ukianza kuumwa uchungu kabla ya wakati, usingoje kupambazuke.

Halafu kuna chupa ya mapovu. Wazazi huiangalia kwa huzuni: mrija puani, mrija mwingine umezamishwa kwenye chupa ya maji, na mapovu yanatokota usiku kucha. “Hamna mashine ya kweli?” Hiyo ndiyo mashine ya kweli. Tunaiita sipapu. Mrija ukizama sentimita sita, mapafu hupata msukumo wa sentimita sita za maji, ambao huvizuia vifuko vya hewa visifunge. George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza matumizi ya msukumo wa namna hii kwa watoto wachanga mwaka wa 1971, na hata hospitali za kitajiri leo huanza nao kwa watoto wengi, kwa kuwa ventileta, mashine inayompumulia mtoto, pamoja na kuokoa maisha, huweza kuyajeruhi mapafu machanga. Ventileta ni ya yule ambaye mapovu hayamtoshi, au aliyeacha kabisa kupumua.

Na mtoto mwenyewe huwa amekwishaanza kujitengenezea sipapu. Ule mguno mfupi kila anapotoa pumzi, ambao shosho husema “anakoroma kama babake”, ni koo linalobanwa makusudi ili hewa isitoke yote. Ukiusikia, mpeleke hospitali. Mpeleke pia kama anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika nzima uliyoihesabu, kama mbavu zinabonyea ndani, au kama ulimi ni wa samawati. Tazama ulimi, kwa sababu viganja na nyayo za samawati siku ya kwanza mara nyingi si neno.

“Baridi ya Nairobi imemwingia kifuani.” Hapa kuna chembe ya ukweli. Baridi ya Julai haisababishi ukosefu wa surfaktanti, wala haileti maambukizi, na kumpeleka mtoto Mombasa hakutibu lolote. Lakini mtoto aliyepoa hutumia oksijeni nyingi zaidi, na mapafu yake hudhoofika zaidi. Joto lake linapaswa kuwa kati ya 36.5 na 37.5. Ninachowaomba wazazi kwa moyo wote ni hiki: msiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na huua mama na mtoto pamoja. Kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kinatosha. Baba pia anaweza.

Mara nyingine mjomba hufika na habari za mashine ya ng’ambo, na familia huanza mchango. Ipo kweli, inaitwa ekimo: damu hutolewa mwilini, hutiwa oksijeni, hurudishwa. Mwaka wa 1975 daktari Robert Bartlett aliitumia California kwa mtoto mchanga aliyevuta choo chake cha kwanza mapafuni, na wauguzi wakampa jina Esperanza, yaani Tumaini. Katika utafiti wa Uingereza wa 1996, walikufa 30 kati ya 93 waliowekwa kwenye mpango wa ekimo, na 54 kati ya 92 waliopewa matibabu ya kawaida. Lakini watoto hao walikuwa wamefikisha wiki 35 au zaidi na kilo mbili. Damu hufanywa nyepesi ili isigande mashineni, na aliyezaliwa wiki ya 28 angeweza kuvuja damu ubongoni. Kwa huyo, mchango hautanunua kitu, na kumsafirisha kunaweza kummaliza.

Hata safari fupi, kutoka kliniki ya mtaani hadi hospitali kubwa, huwamaliza wengine. Wanafika wamefungwa blanketi tano, uso umefunikwa, mwili baridi kama jiwe. Mkikosa ambulensi na ni teksi tu, mvue mtoto, abaki na nepi na kofia, mlaze kifuani pa mama chini ya nguo, shingo imenyooka, uso mnauona. Mmoja wenu asifanye kingine chochote njia nzima ila kumtazama anavyopumua.