Je, wajua? Kinyesi cha paka cha juzi ni hatari kuliko cha leo

Dada yangu aliponiambia ana mimba yake ya kwanza, jioni hiyohiyo nilimpigia simu nikamtaka amtafutie paka wake makazi mengine. Nilikuwa na hakika kwamba hatari imo ndani ya paka mwenyewe: kwenye manyoya, kwenye pumzi, kwenye ule ulimi unaomlamba vidole. Dada alilia. Paka yule alikuwa amelala miguuni pake kila usiku kwa miaka sita. Nilikosea, na kwa kuwa wajawazito wengi bado wanapewa ushauri kama ule wangu, nataka nieleze hatari yenyewe iko wapi.

Ugonjwa unaohofiwa ni toksoplasmosi. Huletwa na toksoplasma, kimelea cha chembe moja tu kilichotambuliwa mwaka 1908 mara mbili, mbalimbali: Tunis, ndani ya mnyama mdogo wa jangwani aitwaye gundi, na Brazili, ndani ya sungura. Mtu mwenye afya njema akiambukizwa mara nyingi hata hajui. Mwili hukidhibiti, nacho hubaki kimejificha kwenye misuli na ubongo kwa miaka. Shida ni pale mwanamke anapoambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kwa sababu kimelea kinaweza kuvuka kondo la nyuma kikamfikia mtoto. Mimba inaweza kuharibika, maji yanaweza kujaa kichwani mwa mtoto, au macho yake yakaathirika, wakati mwingine miaka mingi baada ya kuzaliwa.

Paka anaingiaje hapa? Wanyama wengi wa damu moto, pamoja na ndege, wanaweza kubeba toksoplasma mwilini, lakini ni ndani ya utumbo wa jamii ya paka pekee ambamo kimelea hiki hukutana dume na jike na kutoa mayai. Kwa miongo mingi hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2019 watafiti waliipata kwenye mafuta: utumbo wa paka hauna kimeng'enya fulani, yaani kichocheo cha kubadilisha mafuta, ambacho wanyama wengine wanyonyeshao wanacho, kwa hiyo aina moja ya mafuta, asidi ya linoleiki, hurundikana humo. Kwa kimelea, wingi wa mafuta hayo ndio dalili kwamba kimefika mahali pa kuzaana. Walipowalisha panya mafuta hayo na kukizuia kimeng'enya chao kisifanye kazi, mayai yakatoka hata kwa panya.

Mayai hayo, ambayo wataalamu huyaita oosisti, ndiyo hutoka na kinyesi, na mimi nilikuwa sijui lolote kuhusu namna yanavyoanza maisha. Yanapotoka hayawezi kumwambukiza mtu. Chukua yai la kuku lililotagwa leo asubuhi. Ukilivunja utakuta ute na kiini, hakuna kifaranga. Kifaranga hujengeka baadaye, kuku akilalia. Oosisti nayo hutoka ikiwa na donge moja lisilo na madhara. Haihitaji wa kuilalia, bali hewa, unyevu na joto la kadiri. Vikipatikana, donge hugawanyika vifuko viwili, na ndani ya kila kifuko huumbika vimelea vinne, kama ganda la maharage linalojaza punje zake. Vyote vinane vikishakomaa, oosisti ikimezwa ndipo inaambukiza. Kazi hiyo huchukua siku 1 hadi 5.

Kwa hiyo kinyesi kilichotoka asubuhi hii na kikaondolewa jioni hii kimetupwa kabla mayai hayajaiva. Kilichokaa kwenye sanduku la choo cha paka tangu juzi kimepata muda wote kiliouhitaji. Huku nje, kwenye udongo wenye unyevu, oosisti iliyokomaa inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi ikiwa bado hai. Ganda lake ni gumu kiasi kwamba dawa ya klorini ya kusafishia nyumba haiwezi kutegemewa kuiua. Maji yanayochemka huiua.

Hata kuhusu manyoya nilikosea. Paka hujilamba mchana kutwa, kwa hiyo mabaki ya kinyesi hayakai mwilini mwake siku zinazohitajika mayai kukomaa. Isitoshe, paka wengi hutoa mayai kipindi kimoja tu maishani, wiki 1 hadi 3 hivi, baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, na mara nyingi ni paka wadogo walioanza kuwinda. Kwa muda huo anaweza kutoa mamilioni, lakini ukimalizika kinga yake humzuia. Hapa kuna tahadhari: kinga hiyo huweza kulegea na wapo paka waliowahi kutoa mayai tena, na kwa kumtazama tu huwezi kumtambua anayetoa leo. Ndiyo maana sanduku linahitaji uangalifu hata kama paka anaonekana mzima.

Kilichonishangaza kuliko yote ni nyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika katika miji sita ya Ulaya, uliwalinganisha wajawazito walioambukizwa na wasioambukizwa. Nyama mbichi au isiyoiva vizuri ilihusishwa na asilimia 30 hadi 63 ya maambukizi, kugusa udongo asilimia 6 hadi 17, na kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Hesabu hiyo ni ya Ulaya, tusiihamishe kila mahali kama ilivyo. Pale ambapo nyama hupikwa ikaiva kabisa, udongo, maji na mboga zisizooshwa lazima zichukue sehemu kubwa zaidi. Lakini inatosha kuonyesha kwamba mjamzito anayemfukuza paka huku akila nyama yenye damu katikati amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kwa hiyo sanduku lisafishwe kila siku, na mtu mwingine ndiye alisafishe. Kama hakuna mwingine, mjamzito avae glavu, asitimue vumbi la mchanga ule, kisha anawe mikono kwa sabuni. Paka asipewe nyama mbichi, na ikiwezekana asitoke kwenda kuwinda. Kulima bustani kunahitaji glavu zilezile, maana paka wa jirani haombi ruhusa.

Aliyekwisha kusafisha bila glavu kabla ya kusoma haya asikae na hofu, aende kupima damu. Kipimo huonyesha kama aliambukizwa zamani, na aliyeambukizwa kabla ya mimba kwa kawaida kinga yake humlinda mtoto, isipokuwa kama kinga ya mwili imedhoofika, kwa mfano kwa VVU. Ufaransa, mjamzito asiye na kinga hiyo hupimwa kila mwezi hadi ajifungue. Kinachostahili kuharakishwa ni maambukizi mapya, kwa kuwa dawa zipo. Mimba ikiwa changa, kimelea humfikia mtoto mara chache lakini madhara huwa makubwa. Ikikaribia mwisho, humfikia mara nyingi zaidi na madhara hupungua.

Nilimpigia dada simu ya pili nikamwomba radhi. Paka alibaki. Shemeji ndiye aliyechota sanduku kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akalimwagia maji yaliyochemka kila Jumamosi, na dada akaendelea kulala na kitu chenye joto miguuni.