Maswali yanayoharibika: kupanga vipaumbele vya utafiti wa uuguzi na ukunga wakati wa janga

Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba virusi vipya vya korona ni dharura ya afya ya kimataifa. Tarehe 11 Machi likasema hili sasa ni janga la dunia. Hapo katikati zilipita siku 41. Njia ya kawaida ya kupanga vipaumbele vya utafiti, ile inayowaketisha wagonjwa, ndugu zao na wahudumu meza moja mpaka wabaki na maswali kumi, huchukua mwaka au zaidi. Basi wakati wa janga hatuna budi kubadili hata swali tunalojiuliza. Kuuliza lipi ni muhimu zaidi hakutoshi, maana yote ni muhimu. Mimi huuliza mawili: ni uamuzi gani unasubiri jibu hili, na tukichelewa, tutapoteza nini?

Kumlaza mgonjwa kifudifudi kunaonyesha ninachomaanisha. Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia na mapafu yake yameathirika vibaya, jaribio la PROSEVA la 2013 lilikwisha kuonyesha kwamba kumlaza hivyo angalau saa 16 mfululizo hupunguza vifo. Kulirudia swali hilo ni kupoteza nguvu. Ila mwaka 2020 wodi zilijaa wagonjwa wenye fahamu, wanaopumua wenyewe kwa kusaidiwa na oksijeni, na kwao jibu halikuwepo. Wanavumilia saa ngapi? Kumgeuza mmoja kunahitaji wahudumu wangapi katika zamu yenye upungufu? Ngozi ya kidevu, mashavu na magoti ikaguliwe kila baada ya muda gani? Hayo ni maswali ya uuguzi hasa, na daktari hatayauliza kwa niaba yako.

Upande wa ukunga kuna maswali yanayoharibika kama maziwa. Hospitali nyingi zilimzuia mwenza kuingia leba, na baadhi zilimtenganisha mama mwenye maambukizi na mtoto wake mchanga, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishauri wakae pamoja na mama anyonyeshe akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono. Athari za zuio kama hilo hupimwa likiwa bado linatumika. Likishaondolewa unabaki na kumbukumbu za watu, nazo hubadilika. Swali la namna hii nalipandisha juu hata kama kura zake ni za wastani. Kuna pia swali linaloweza kungoja ilhali vipimo vyake vya mwanzo haviwezi, mfano afya ya wahudumu baada ya miaka miwili. Hapo anza na orodha ya washiriki na vipimo vya mwanzo, mengine yatafuata.

Kazi yenyewe inawezekana kwa siku 12 hivi. Siku tatu za kukusanya maswali kwa simu, kwa fomu yenye swali moja la wazi: "Zamu iliyopita ulifanya nini bila kuwa na uhakika kwamba ni sahihi?" Watu huandika mambo halisi wakiulizwa hivyo. Ukiwauliza "vipaumbele vyenu ni vipi?" watakuandikia vichwa vya habari. Siku tatu zinazofuata, watu wawili, kila mmoja peke yake, huunganisha yanayofanana na kuondoa yaliyokwisha kujibiwa. Kisha raundi mbili za kutoa alama, na mwishoni kikao cha saa mbili.

Kwa alama naona vigezo vitano vya CHNRI, mbinu ya kupanga maswali ya utafiti kwa kuyapa alama, vinatosha: swali linajibika, hatua itakayotokana nalo itafaa, itatekelezeka, itapunguza mzigo wa madhara, na itawafikia walio nyuma. Ndiyo ni 1, hapana ni 0, aliye njia panda anaandika 0.5, na asiyejua anaacha wazi. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika: nafasi iliyoachwa wazi si sifuri. Jumla igawanywe kwa idadi ya waliojibu kigezo hicho tu, vinginevyo swali la kitaalamu ambalo wachache wanalielewa litaanguka bila kosa. Kama unatumia mizani ya 1 hadi 9, amua kiwango cha makubaliano kabla ya kuona alama. Kwa kawaida ni asilimia 70 ya washiriki kutoa 7 au zaidi. Huruma ikizidi, maswali yote hupita. Walazimishe wachague matano.

Angalia sana nani anapungua kati ya raundi. Walio wodini hushindwa kurudi, walio ofisini hubaki, na makubaliano yanapanda kwa sababu tu wapinzani wamezidiwa na kazi. Andika idadi ya kila kundi katika kila raundi. Wakunga nao wahesabiwe peke yao, kwa sababu wakunga sita ndani ya chungu kimoja na wauguzi arobaini hawasikiki. Wajawazito ni vivyo hivyo: majaribio makubwa ya mwanzo ya chanjo yaliwaacha nje, wakati RECOVERY, jaribio la Uingereza la tiba za korona, liliwapokea. Kuwaacha nje kunahitaji sababu iliyoandikwa.

Dodoso jingine la mara moja kuhusu msongo wa wauguzi, lililosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, mimi nalikata. Tayari yapo mengi mno, na hakuna meneja anayepanga zamu kwa kutumia dodoso la aina hiyo.

Kabla swali halijaingia kwenye orodha ya mwisho, hesabu dakika ambazo muuguzi atatumia kujaza fomu kwa kila mgonjwa. RECOVERY ilianza Machi 2020 na kufikia Juni ilikuwa na jibu kuhusu dawa ya deksamethasoni. Fomu zake fupi zilichangia sana. Itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, ipelekwe kamati ya maadili mapema, ikiwa na nafasi wazi ya jina la ugonjwa. Orodha nayo ifunguliwe upya kila wiki sita, na kila swali lililojibiwa lifutwe likiwa na tarehe na jina la mwongozo uliobadilika.