Uganda haina tabianchi moja

Wengi husema kwamba Uganda, kwa kuwa imepitiwa na Ikweta, ina joto kali kila mahali. Ukweli ni kwamba kinachoamua joto hapa zaidi ni mwinuko wa ardhi. Sehemu kubwa ya nchi ni uwanda wa juu wenye mita 1,000 na zaidi, ndiyo maana msafiri anayepiga picha penye alama ya Ikweta pale Kayabwe, njia ya Masaka, mara nyingi hukuta hewa ya wastani tu. Akiendelea hadi Kabale, karibu mita 2,000, atawakuta wauza viazi sokoni asubuhi wamevaa makoti mazito, na ukungu bado umelala mabondeni. Kileleni Margherita, katika Milima ya Rwenzori, mita 5,109, kuna barafu, nayo inazidi kupungua, jambo la kuhuzunisha sana.

Dhana ya pili ina madhara zaidi, nayo ni kwamba nchi nzima ina misimu miwili ya mvua. Kusini ni kweli: ukanda wa mvua hulifuata jua, nalo huvuka Ikweta mara mbili, hivyo mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, vipindi hivyo hukaribiana mpaka vikaungana, na huko Gulu na Kitgum mvua huanza takriban Aprili na kuendelea hadi Oktoba, kisha kiangazi kirefu hufuata. Mkulima aliyezoea kalenda ya Masaka akipanda maharage Kitgum mwezi Novemba, atayaona yakinyauka kabla ya kutoa maua. Karamoja, kaskazini-mashariki, msimu wa mvua ni mmoja, nayo mvua ni chache na isiyotabirika. Wanaowalaumu wafugaji wa huko kwa kuhamahama wanakosea, kwani kuyafuata malisho ni elimu iliyotokana na mvua yenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba kukaa kando ya ziwa ni kuwa na mvua ya uhakika. Visiwa vya Ssese hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria na kuinua mawingu, hata ngurumo zikawaamsha wavuvi alfajiri. Lakini Butiaba, ufukweni mwa Ziwa Albert, iko chini katika Bonde la Ufa, na hewa inayoteremka humo huwa na joto na ukavu, hivyo maji yamejaa mbele ya macho huku nyasi za mteremkoni zimekauka.