Mahekalu Yasiyo na Chokaa: Niliyoyaona Angkor

Kazi yangu ni kukarabati nyumba za kale za pwani, na kwetu kila kitu huanza na chokaa. Jiwe la tumbawe halina umbo maalumu. Ukuta husimama kwa sababu chokaa imelishika. Ndiyo maana nilipofika hekalu la Angkor Wat, nchini Kambodia, asubuhi moja ya Septemba, minara niliiacha kwanza. Niliuendea ukuta, nikapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kiungo cha mawe mawili. Ukucha haukuingia. Katikati hamna chokaa wala udongo, ni jiwe limekalia jiwe.

Hekalu hili lilijengwa katika karne ya 12, enzi za Mfalme Suryavarman II, kwa heshima ya mungu Vishnu. Jiwe lenyewe ni la mchanga, na lilichimbwa upande wa mlima Kulen, umbali wa kilomita 40 hivi, likasafirishwa kwa njia ya maji. Ukisogea karibu utaona vitundu vya mviringo, kidole kinaingia, vimetapakaa kwenye kuta. Wataalamu wengi huamini kwamba humo vilichomekwa vigingi vya mbao ili jiwe lifungwe kamba na kuinuliwa. Baada ya hapo jiwe la juu lilisuguliwa juu ya la chini, mbele na nyuma, mpaka nyuso zikalingana. Kwa hiyo kila jiwe lina mwenzake. Ukilihamisha, halikai.

Wakhmer, watu waliojenga mahekalu haya, hawakutumia tao la kweli. Walisogeza mawe ndani kidogo kidogo kutoka pande mbili hadi yakakutana juu, na paa la namna hiyo haliwezi kuvuka nafasi pana. Ndiyo sababu hekalu lililozungukwa na handaki la maji lenye upana wa karibu mita 190 lina njia nyembamba kiasi kile. Sehemu nyingine waliunganisha mawe kwa ulimi na tundu, kama seremala anavyounga mlango. Na kuna kosa moja lililoniuma kama mwashi: mara nyingi viungo vya wima vimepangana jiwe juu ya jiwe. Mwanafunzi wa uashi hufundishwa siku ya kwanza kwamba jiwe la juu likalie katikati ya mawili ya chini. Viungo vikifuatana, ufa ukianza unapata njia iliyonyooka hadi juu.

Mchana ikanyesha. Wageni wakakimbilia chini ya paa, mimi nikabaki nje natazama maji yanapoingia na yanapotokea, kwa sababu adui wa mahekalu haya ni maji, na mlinzi wao pia ni maji. Misingi imekaa juu ya mchanga ulioshindiliwa. Mchanga uliobanwa vizuri na wenye unyevu hubeba mzigo mkubwa mno. Ukikauka na kulowa ovyo, unacheza. Mji wa Siem Reap ulio jirani huvuta maji ya ardhini kwa ajili ya hoteli na wakazi, na wahandisi wanalifuatilia jambo hilo kwa wasiwasi. Wasiwasi huo ninao na mimi.

Ta Prohm, hekalu jingine la Angkor, kila mtu huipiga picha kwa sababu ya miti yake. Kaa pale dakika chache utazame mizizi: ilipenya ikapasua ukuta, na sasa ndiyo inayoukumbatia usianguke. Mti ukifa, mizizi ikaoza, ukuta unabaki bila mkono.

Lakini hekalu lililonishika moyo ni Baphuon, la karne ya 11. Ni kama mlima wa ngazi, na ndani yake umejaa mchanga. Maji ya mvua yalipenya kwenye viungo, mchanga ukalemea, kuta zikasukumwa nje. Katika miaka ya 1960 mafundi wakiongozwa na Wafaransa waliamua kulivua jiwe kwa jiwe, wajenge kuta za zege ndani, kisha walivishe upya. Mawe takriban 300,000 yakapewa namba na kulazwa msituni. Vita vikaja, na Khmer Rouge, kundi la wapiganaji wa Kikomunisti, walipotwaa nchi mwaka 1975 kumbukumbu za namba hizo zikapotea. Kazi iliporejea mwaka 1995, mafundi, wakiongozwa na msanifu majengo Pascal Royère, walikuta shamba la mawe lisilo na ufunguo. Walipima, wakachora, wakajaribu jiwe moja baada ya jingine. Ule msuguano wa mafundi wa kale ndio uliowaokoa, kwa kuwa jiwe lisilo mahali pake lilijionyesha lenyewe. Walimaliza mwaka 2011.

Upande wa magharibi kuna jambo zito zaidi. Karne ya 16, waumini wa Kibudha walichukua mawe ya hekalu hili la Kihindu wakajenga sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wa mita 70 hivi. Wakarabati walikuwa na uchaguzi: kuirudisha Baphuon ya mfalme, au kumwacha Buddha alipo. Walimwacha. Nilisimama chini yake jioni, maji yakiwa bado yanachuruzika begani mwake, nikajaribu kuutafuta uso. Inachukua muda kuuona. Mimi pia ningemwacha.