Saiklini si kimeng'enya

Katika mijadala ya wanafunzi wa tiba na maabara hapa Moshi, saiklini hutajwa mara kwa mara kuwa kimeng'enya kinachoendesha mzunguko wa seli, na kosa hilo sasa linaonekana hata katika maandishi ambayo yangepaswa kulisahihisha. Saiklini ni protini ambayo kiasi chake hupanda na kushuka kadiri seli inavyojiandaa kugawanyika. Mwanabiokemia Mwingereza Tim Hunt aliigundua mwaka 1982.

Umbo lake lenyewe linatosha kumaliza ubishi. Saiklini A, mojawapo ya aina zake, ina mikunjo miwili inayofanana sana, kila mmoja ukiwa na vipande vitano vilivyojisokota kama springi, na hakuna popote ndani yake mfuko wa kushikia ATP, molekuli inayobeba nishati na fosfeti katika seli, wala mahali pa kuhamishia fosfeti. Kazi hiyo ya kuhamisha fosfeti ni ya CDK2, kinasi (yaani kimeng'enya kinachotoa fosfeti kwenye ATP na kuibandika kwenye protini nyingine) yenye asidi amino 298, ambayo ikiwa peke yake haina nguvu, kwa sababu kipande chake kimoja kimekaa upande usiofaa na utepe wake mwingine umeziba mlango wa kupokea protini inayolengwa.

Picha ya umbo la protini hizi mbili zikiwa zimeshikana, iliyopatikana kwa kuzigandisha kuwa fuwele na kuchapishwa mwaka 1995, ilionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo lote: saiklini A haibadiliki umbo, bali inayobadilika ni CDK2. Kipande kile husukumwa ndani na kugeuzwa takriban nyuzi 90, hadi glutameti ya 51 ikutane na lisini ya 33 (asidi amino zilizo katika nafasi hizo za mnyororo wa CDK2), na ATP ipate mkao wa kutoa fosfeti yake. Utepe nao huondoka mlangoni, kisha kimeng'enya kingine hubandika fosfeti kwenye threonini ya 160, ndipo CDK2 ipate nguvu zake kamili. Ni kweli kwamba saiklini pia husaidia kuzishika baadhi ya protini zinazolengwa, lakini kuchagua mlengwa si kuchochea mmenyuko.

Tofauti hii inafika hadi kwenye tiba. Palbociclib, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huingia katika mfuko wa ATP wa CDK4 na CDK6, kinasi za jamii moja na CDK2, wala haiigusi saiklini. Kwa hiyo anayeiita kizuia saiklini angefanya vyema kuiita kizuia kinasi zinazotegemea saiklini, ingawa jina hilo ni refu zaidi.