Kiroba, gunia na uwezekano wa ulimwengu

Msimu wa korosho, ghalani Tandahimba, mjomba wangu huzipasua korosho chache kwa kisu na kutazama kiini: cheupe, au kimepiga madoa. Ukimletea za mkononi hazigusi. "Umezitoa juu au chini ya gunia?" Nafundisha fizikia, na swali lake ndilo wengi wanalolisahau katika kosmolojia ya kwanta, yaani kuueleza ulimwengu mzima kwa sheria za fizikia ya chembe ndogo.

Dhana potofu: Ukiijua hali ya kwanta ya ulimwengu (maelezo yake kamili ya kihisabati), kanuni ya Born inakupa uwezekano wa kila utakachokiona.

Kanuni hiyo, ya Max Born, 1926, inasema uwezekano wa tokeo ni mraba wa ukubwa wa amplitudo, namba ambayo hali ya kwanta hulipa kila tokeo. Maabara haijawahi kuikanusha. Lakini maabarani mpimaji yuko nje ya kinachopimwa, na yuko mmoja. Ulimwengu hauna nje. Tena ukiwa mkubwa mno, huenda una nakala zako nyingi, zenye kumbukumbu zilezile, kila moja ikiona jambo lake. Wewe ni ipi? Mwaka 2009 mwanafizikia Don Page wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alionyesha kwamba hapo kanuni ya Born peke yake haitoshi.

Chukua kiroba chenye korosho 10, zote safi, na gunia lililobakiwa na 990, zote mbovu. Rusha shilingi kuchagua kati ya kiroba na gunia, kisha utoe korosho moja: uwezekano wa kupata safi ni nusu. Sasa zimwage zote turubaini uzichanganye: ni 1 kwa 100. Korosho zilezile! Hali ya kwanta, hata ile ya ulimwengu mzima waliyoipendekeza wanafizikia James Hartle na Stephen Hawking mwaka 1983, haikuambii uchote vipi kati ya nakala zako.

Dhana potofu: Lazima awepo mtu wa kutazama ndipo kitu kiache kuonekana kuwa katika hali mbili kwa pamoja.

Hapana. Mwanga na hewa vinavyogonga kitu vinatosha kufanya kazi hiyo.

Dhana potofu: Basi tumhesabu kila mtazamaji sawa, yaishe.

Hayaishi. Ulimwengu ukitanuka milele, bongo zinazozuka kwa bahati tu, ziitwazo bongo za Boltzmann, zinaweza kutuzidi idadi, na wewe ungetarajiwa kuwa mojawapo, kumbukumbu zako zote za uongo. Mwaka 2007 Hartle na mwenzake Mark Srednicki walisema hatuna haki ya kujidhania watazamaji wa kawaida. Dhana hiyo nayo ipimwe pamoja na nadharia. Mimi niko upande wao, ila namna ya kuchota bado inagombaniwa.